Majina ya Watu wa Uyoga

Kilema,
Jumatano, 9 Mei 2001

Wifi yangu mpendwa Dominika,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na kaka yako na nyumba nzima hapo Chekereni, na kwamba maji ya mifereji ya mpunga hayajawaletea homa kama mwaka jana. Sisi huku juu ni wazima wa mwili. Mvua inatupiga tangu Pasaka, njia ya kwenda kanisani ni utelezi mtupu, na juzi nilianguka mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la nne, nao kwa adabu wakajifanya wanatazama migomba. Mama anakusalimu sana. Habari zake nitakueleza huko mbele. Nakuomba usiruke mistari kuzitafuta.

Umenizoea kwa maneno mengi, na leo nitakuwa nayo mengi kuliko kawaida. Nina jambo zito, na nisipolieleza tangu mwanzo wake nitashindwa kulimaliza. Tafadhali kaa kitako. Kama umebeba mtoto wa kaka yako mgongoni, mpe mtu kwanza.

Unamkumbuka Kornel, jirani yetu, yule anayewaongoza wageni mlimani. Mwaka jana wageni wake walinaswa na mvua huko juu, wakawa wanapitisha siku kwa mchezo wa kitabu na dadu za ajabu zenye pembe nyingi. Waliposhuka wakamwachia vyote. Mchezo wenyewe hauna ubao. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali na hatari zilizopo. Wengine wanajifanya watu wa humo ndani, wanasema watafanya nini, halafu dadu inaamua kama wamefaulu au wameumia. Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza na mimi ndiye mwalimu, wakanivika usimulizi. Masika hakuna wageni wa kupanda mlima, basi kila Jumapili baada ya Misa tunakaa kwa Kornel na mkewe Magreth mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Utacheka, watu wazima na akili zetu. Mama alipojua alisema afadhali huko kuliko kilabuni kwenye mbege.

Mchezaji wa nne ni Leodegar wetu, mtoto wa baba mdogo. Alikuwa mchezaji mzuri kuliko wote, mpole, mtu wa kufikiri kabla ya kurusha dadu. Mimi ndiye niliyemwalika. Tangu alipotoka machimboni Mererani peke yake alikuwa mtu wa kujifungia na nyanya zake, nikaona upweke utamla.

Wifi, wewe na mimi na Mama tumeishi miaka yote hii juu ya neno la Leodegar. Ni yeye aliyetuambia kwamba mumeo Sylvanus, kaka yangu, aliachana naye akiwa mzima, akapanda gari kwenda Tunduru kutafuta mawe mapya, na kwamba angeandika akishapata. Kila Krismasi tukichinja, Mama anatenga fungu la nyama la Sylvanus na hakuna anayeruhusiwa kuligusa mpaka liharibike. Kila mwezi anatoa nia ya Misa, na si kwa marehemu, ni kwa walio safarini. Nawe najua kila Leodegar alipopita Chekereni ulimuuliza kama kuna habari, akakujibu kwamba barabara za kusini ni mbaya. Najua pia habari ya Efraimu, fundi wa pampu. Usishtuke, kaka yako hajui kutunza siri. Nimesikia ni mtu mwema, na kwamba alipokuposa ulimjibu kwamba mume wako yuko safarini. Nilipoambiwa hivyo niliona fahari. Sasa naona aibu kwamba niliona fahari.

Jumapili iliyopita mchezo ulitufikisha chini ya ardhi, kwenye mapango ya watu wa uyoga. Ni viumbe wa amani kabisa. Hawana silaha, hawana mfalme, hawana hata mdomo. Wanazungumza kwa kupuliza vumbi lao, na ukilivuta unaelewa. Wachezaji walikuwa wamejeruhiwa, nao wakawapokea na kuwauguza. Kitabu kinawaita kwa jina la kigeni ambalo Kornel hawezi kulitamka bila kurusha mate, na hakimpi jina hata mmoja wao. Magreth akasema si haki, mtu amekufunga kidonda halafu humjui jina. Kornel akapendekeza majina ya vita vita, Mvunja Mifupa na mengine ya namna hiyo. Nikamwambia kama ni wa kuvunja mifupa mbona wanakuuguza mguu.

Ndipo Magreth akauliza swali lililotuponza. Akasema kwetu mtoto hapati jina hewani. Wa kwanza wa kiume anachukua la babu yake mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao, ndiyo maana hakuna mzee anayepotea kabisa. Sasa hawa wanaoota kwenye magogo yaliyooza, wasio na baba wala bibi, wataitwa kwa nani? Nami, kwa mdomo wangu huu unaoujua, nikaamua kama msimulizi: tutawapa majina yasiyo na wa kuyabeba. Majina ya ndugu zetu waliofariki bila kuacha mtoto wala mjukuu. Wapate mahali pa kukaa, hata kama ni pangoni kwenye mchezo.

Walinielewa mara moja. Magreth akamtoa shangazi yake Ndelilio, aliyekufa kwa surua akiwa msichana. Kornel akamtoa Melkior, ndugu ya baba yake aliyekufa kapera. Mimi nikamtoa mdogo wetu Jovin, yule unayefagia kaburi lake ukija. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ilikuwa kama tunasali. Zamu ikafika kwa Leodegar, akiwa ameinamia dadu zake, na bila kuinua kichwa akasema, Sylvanus.

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nilimsikia vizuri. Kornel naye alimsikia, mkono wake ukabaki hewani na kikombe. Leodegar akainua uso, akaona tunavyomtazama, akasema haraka kwamba wapo akina Sylvanus wengi, kwamba alimkusudia mzee mmoja wa Kirua Vunjo. Magreth kwao ni Kirua Vunjo. Akamuuliza mzee wa ukoo gani, naye akarudi kuinamia dadu zake.

Moyo wangu ulikuwa unataka kumrukia. Namshukuru Mungu kwamba sikufanya hivyo, maana angekimbia na tusingejua chochote. Sauti yangu ikawa ya msimulizi. Nikasema mkubwa wa watu wa uyoga amesogea, amepuliza vumbi lake, na anasema kwamba hapa kila mgeni anayempa mwenyeji jina lazima aeleze mwenye jina hilo alifikaje chini ya ardhi. Nikasema watu wa uyoga hawapigi wala hawafukuzi. Wanangoja tu. Kisha nikamngoja.

Dominika, alisema. Mwanzo alisema kwa sauti ya yule mpiga upinde anayejifanya kuwa mchezoni, kana kwamba ni mambo ya huko. Kwamba palikuwa na ndugu wawili walioshuka shimoni kwa zamu. Kwamba siku moja zamu ilikuwa ya yule mdogo, naye alikuwa hajiwezi kwa pombe ya jana yake, mkubwa akamfunika blanketi akashuka badala yake. Udongo ukakatika. Hapo sauti ya mchezo ikamwisha, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba walichimba kwa mikono, lakini shimo halikuwa na kibali, na mwenye shimo akawatawanya akalifukia. Sylvanus yumo humo hadi leo. Tunduru hakufika. Leodegar alirudi nyumbani akitaka kusema, akamkuta Mama getini akimuuliza mwenzake yuko wapi, na uongo ukamtoka kabla hajaupanga.

Pole, wifi yangu. Pole sana. Nimeandika neno hilo mara ya pili kwa sababu sina lingine.

Mama nilimwambia mimi, Jumatatu asubuhi. Hakulia. Aliniuliza hao watu wa uyoga ni watu gani hasa mpaka mwanawe awekwe nao. Nikamweleza kwamba hawagombani, hawamchukii mtu, wanakaa chini ya ardhi, wanachukua kilichooza na kukifanya udongo wa kuotesha tena. Akaniuliza kama huyo Sylvanus wa kwao anaogopa giza, maana wake aliogopa giza tangu utotoni mpaka anaoa. Nikamwambia hapana, kwao giza ndiyo nyumbani. Hapo ndipo akalia, na hadi leo hajatoka chumbani, ila uji anakunywa.

Jana wazee wa ukoo walikutana. Baba mkubwa Ildefonce akatoa uamuzi kwamba Jumamosi watashuka Chekereni pamoja na Leodegar, wakuletee habari ya msiba, na papo hapo wakukabidhi jani la isale la kuomba msamaha, ukilipokea uwe umemsamehe. Desturi yetu unaijua. Aliyeletewa isale hakatai. Akikataa, kosa linageuka lake. Nikasimama, mwanamke pekee kikaoni, nikawauliza inakuwaje mjane aambiwe mume wako amekufa na nyamaza kwa pumzi moja. Nikaambiwa nikae. Nikakaa, lakini hawakuniambia nisiandike.

Baadaye Leodegar mwenyewe akanijia na jani la isale alilolichuma mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akaniomba nikikuandikia nilitie kwenye bahasha. Nimekataa. Nilimwambia, ukitaka barua yangu imfikie, ipeleke wewe, mikono mitupu. Kwa hiyo huyo aliyekukabidhi bahasha hii, akasimama uani asikubali kiti wala maji, hakukataa kwa sababu ya haraka ya kurudi. Anajua kilichoandikwa humu. Nimemwagiza asubiri mpaka uinue macho. Mimi sikuelekezi. Ukitaka kumtukana, mtukane; ukitaka kumuuliza mumeo alivaa nini siku hiyo, muulize, atajibu. Jumamosi desturi itakufunga mdomo. Leo ni Jumatano, wifi, na mdomo ni wako.

Msalimie kaka yako na wanawe wote. Mama anasema wewe ni binti yake hata utakapoolewa kwingine, na amelisema hilo bila kuulizwa na mtu. Efraimu naye mpe salamu zangu, muda ukiruhusu. Mungu akushike mkono katika saa hii. Jumapili nitashuka mwenyewe tulie pamoja.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Victoria