Baba Biira, Shajara Yangu Uliisoma

Mpendwa Baba Biira,

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka. Yale niliyoandika kwa siri ulishayasoma yote.

Unakumbuka chumba chetu cha kambi ya jeshi, pale Kasese? Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa bati tu. Mke wake akikohoa, mimi namwambia pole. Hapakuwa na pembe ya kulilia, ndipo uliponiletea simu na kunifungulia shajara ya mtandaoni. Neno la siri ulilichagua wewe mwenyewe.

"Andika, mama," uliniambia. "Hapo hakuna afande wa kukagua."

Tukacheka. Nikaandika kila kitu: hofu zangu, ugomvi wetu, hata jinsi ulivyoimba vibaya ukinyoa ndevu.

Mimba yetu ya pili ilipoharibika, ulikuwa umeshahamishiwa kaskazini. Kwenye simu nilikuambia niko sawa. Kwenye shajara niliandika kwamba namtaka mama yangu. Kesho yake mama akafika kutoka Bugoye, akasema wewe ndiye uliyempigia. Nililia kwa furaha. Nilisema mume wangu anausikia moyo wangu hata akiwa mbali.

Baadaye nikahamia Bwera, mpakani, nikauza vitenge pamoja na Zawadi, yule rafiki yangu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Siku moja, kwenye simu, ukanitania kwamba mvua ya huku inamwagika kama maharage kwenye karai. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika asubuhi ile, na sikumtamkia mtu.

Kwanza nilimshuku Zawadi, kwa sababu, ukiacha wewe, yeye peke yake alijua kwamba ninaandika. Nikawa naenda kunawa na simu mkononi. Akicheka na simu yake, naona ananicheka mimi. Mwishowe nikaandika uongo: kwamba Ijumaa naenda Kinyamaseke kuangalia nyumba ya kupanga. Sikumwambia Zawadi, sikumwambia mama.

Alhamisi ukapiga, hata salamu hukunipa.

"Kinyamaseke unatafuta nini?"

"Nani amekuambia?"

"Watu wanaongea."

Watu gani, Baba Biira? Nilikaa juu ya robota la vitenge. Zawadi akaniuliza nina nini, nikamweleza. Akafunga meza yetu mchana kweupe, akanishika mkono hadi kwa fundi wa simu, msichana mmoja mpole. Fundi akatuonyesha: shajara yangu ilikuwa wazi kwenye simu mbili, na namba ya kurudishia neno la siri ilikuwa yako.

Zawadi akainama kutazama. "Dada, mu hii simu yako beko watu wawili."

Tukakutoa. Nikaweka neno jipya, nikaweka namba yangu, na sasa mtu akijaribu kuifungua kwenye simu nyingine, tarakimu za ruhusa zinakuja kwangu kwanza.

Jioni ukapiga tena. "Umenifungia? Mke na mume hawana siri."

"Basi nipe neno la siri la simu yako."

Ukakata.

Hasira yangu imepoa. Kinachonitesa ni yale mazuri. Nakumbuka ulivyokuja likizo ukawa unanyoa kimya, nikadhani umechoka. Leo najua kwa nini uliacha kuimba. Nakumbuka kila zawadi uliyoniletea nikiwa bado sijaitaja kwa mdomo, na kila moja naigeuza mkononi kama noti inayotiliwa shaka. Siku ile ulipomtuma mama, ulinihurumia au ulinisoma? Labda vyote viwili. Sijui, na huko kujua ndiko ulikoniibia.

Hata fundi yule simwamini sana. Nilipotoka kwake nililibadilisha neno tena, nikiwa nimesimama peke yangu nyuma ya kanisa.

Juzi nimeandika, mara ya kwanza tangu nikuondoe. Kidole kilisita, kama vile kuna mtu ananichungulia begani. Kisha nikaandika jina lako, na chini yake kitu kimoja ninachokitaka kutoka kwako. Ukitaka kukijua, panda gari uje Bwera, uketi mbele yangu, uniulize.

Kaa salama huko uliko.

Mimi,
Mama Biira