Spika Kumi na Mbili za Mama

Mpendwa baba,

Jumamosi kina mama wa ushirika watakuja kusali hapa nyumbani Kalamba. Nimetengeneza spika ambayo ungeicheka kwanza, kisha ungeizunguka mara tatu ukijipapasa juu ya mdomo, pale sharubu zako zilipokuwa zamani. Ni boksi jembamba la plaiwudi, refu kunishinda, na ndani yake nimepanga spika ndogo kumi na mbili, moja juu ya nyingine, zimebanana hadi zinagusana. Nilizing'oa kwenye televisheni mbovu nilizokusanya kwa mafundi wa Mutomo na hapa sokoni. Nimeziunga nne nne ili amplifaya isiungue. Za dukani za aina hii ni za wenye hoteli, si za watu kama sisi.

Nimefanya hivi kwa ajili ya mama. Tangu ulipotuacha, masikio yake yamezidi kuchoka. Redio anaifungulia hadi mwisho, sauti inakwaruza, na bado ananiuliza mtangazaji amesema nini. Ushirika aliacha kwenda. Alisema ni magoti, lakini magoti hayohayo yanampeleka shambani kila asubuhi. Ndipo nikakumbuka ulichoniambia kwenye kibanda chako cha kutengeneza redio, kwamba spika moja kubwa hurusha sauti hadi kwenye mabati ikarudi kutuvuruga, lakini ndogo zikisimama mstari mmoja huipeleka mbele. Aliye karibu haumii na aliye mbali hapungukiwi. Ulisema utaijenga siku moja.

Unakumbuka betri ya tochi na rangi ya kucha? Ulikuwa unagusisha betri kwenye miguu ya spika, na mimi naangalia kama karatasi yake inaruka nje au inaingia ndani. Ikiruka nje unaniambia, "Weka alama," nami naweka tone la rangi nyekundu upande wa chanya. Mama alikuwa akishangaa chupa yake inaisha na kucha zake hazijapakwa. "Moja ikigeuzwa," ulikuwa unasema, "inavuta wakati wenzake wanasukuma. Hapo umefuga adui ndani ya boksi."

Nami, baba, nilimfuga. Spika ya saba niliitia alama kwa kukisia, betri ilikuwa imekwisha na mimi nina haraka. Nilipofungua boksi nikaona kosa langu, nilifurahi kupita kiasi. Mama alikuwa ameniambia anasikia vizuri, ilhali macho yake yalionekana yamepotea, na sasa nilikuwa nimepata sababu. Nikaigeuza, nikalehemu upya, nikamuuliza tena. "Nĩ nesa," akasema, iko sawa. Akatabasamu na macho yaleyale.

Hapo hofu ikanishika vizuri. Mama hajawahi kusema kitu chako ni kibaya. Hata ile redio iliyotoa moshi aliisifu. Na wewe ulimjua, ndiyo maana hukuwa unamuuliza kama anasikia. "Mtu ukimuuliza atasema ndio," uliniambia. "Mwambie arudie." Ulikuwa unashika maiki, unasimama mlangoni, unasoma maandishi ya pakiti ya mbegu, na mama kutoka kitini anarudia neno kwa neno. Hakukosa hata siku moja. Ulijisifu kwa wateja kwamba spika zako zote zimepimwa na mke wako.

Jana nikajikaza. Waya wa maiki ni mrefu, kwa hiyo nilitoka hadi nyuma ya nyumba nisije nikampa sauti yangu mwenyewe badala ya ile ya spika. Nikasoma pakiti ya mbegu za ndengu. Nikasoma tena, polepole. Kupitia dirisha nikamsikia akirudia kitu kuhusu mbuzi. Pakiti haina mbuzi.

Nilirudi ndani. "Mama, niambie ukweli. Hii kitu inakusaidia?"

"Inasaidia kidogo. Sauti naipata, hainiumizi kama ile ya redio. Lakini maneno, mwiitu wakwa, binti yangu, maneno mimi huyaona." Akanigusa mdomo kwa kidole. "Simama pale babako alikuwa anasimama."

Nikasimama mlangoni, nikasoma. Alirudia pakiti yote, hadi onyo la kutokula mbegu zilizotiwa dawa.

Sitakuficha, nilikasirika. Miaka yote ile tungekuwa tumempeleka akapimwe masikio, na sasa naogopa tumechelewa. Wiki ijayo tunaenda hospitali, amekubali kwa shingo upande. Kisha nikatazama picha yenu ya harusi ukutani, na zile sharubu zilizofunika mdomo wote wa juu, ulizozipenda kuliko kofia yako. Nakumbuka siku uliyotoka kwa kinyozi bila hizo. Soko zima lilikucheka, ukasema ni joto. Joto la Kalamba halikuanza mwaka ule, baba.

Nilimuuliza mama kama ulijua. "Sikumwambia," akasema. Halafu akaitazama ile picha. "Na yeye hakuniambia."

Boksi nimelisogeza karibu na mlango. Kando yake nimeweka kiti cha atakayesoma, kinamtazama mama, na mwanga wa mlangoni utamwangukia usoni. Sauti itamfikia kutoka kwenye spika, maneno atayachukua mwenyewe. Limebaki jambo moja. Atakayesoma Neno ni mzee wa kanisa, na sharubu zake ni nene kuliko zile zako. Jumamosi ni keshokutwa, na bado sijui nitamwambiaje.

Pumzika, baba. Wewe hukungoja kuambiwa.

Binti yako,
Mwende