Sakafu ya Mama Haikauki

Mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha
10 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, mkweo Naila anakusalimu pamoja na watoto. Hofu yetu ni wewe na hicho kifua. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, tunabaki kupigiana kelele tu, na Salama jirani yako, ambaye huja huku kila wiki kuuza mihogo, atatubebea barua.

Kaniambia sakafu ya chumbani kwako imepasuka toka mlangoni hadi kitandani, na ukikanyaga inalowesha unyayo. Marehemu baba aliimwaga juu ya udongo mtupu, ndiyo maana. Namtuma fundi Laurean aivunje, ashindilie kokoto, atandike nailoni nzito, kisha amwage zege jipya. Kwenye arobaini ya baba ulisema mbele za watu kwamba hutoki nyumba ile mpaka ubebwe. Sijasahau. Utabaki kwako, mama.

Mwanao,
Mwishehe

Kisarawe
16 Februari 2025

Mwanangu Mwishehe,

Marahaba, baba. Mimi mzima, ila kifua kinanibana alfajiri. Sakafu nimeiona na nimeshukuru. Majirani wamekuja kuitazama kama wanatazama mwali.

Lakini bado mbichi. Naamka nakuta maji upande wa kitandani, sijui yanatoka wapi. Labda ardhi ya huku imeshanichoka. Huko kwenu sakafu zinakauka? Naila anasemaje?

Mama yako

Kibaha
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na funga njema. Kifua kinaendeleaje? Naila hana neno, anakuulizia tu.

Mama, nimechanganyikiwa. Laurean alipokuja tena kwako alibandika kipande cha nailoni sakafuni, akaziba kingo zote. Alisema maji yakipanda kutoka ardhini, nailoni italowa upande wa chini. Amenipigia leo: chini kukavu kabisa, maji yapo juu yake! Bati halivuji, mvua hazijaanza. Fundi mzima ameshika kichwa, ananiuliza mimi, na mimi nimwulize nani? Nimemwambia kama ni kuvunja avunje tena, apake na lami. Usikate tamaa, hutahama.

Mwanao,
Mwishehe

Kisarawe
20 Machi 2025

Mwishehe,

Swaumu inakwenda salama, alhamdulillahi. Mwambie huyo fundi asivunje kitu, mwache mtoto wa watu apumzike. Kazi yake ni nzuri.

Salama kaniuliza kwa nini na kifua hiki nisikae kwa mwanangu. Nikamjibu kwamba kwetu mama haendi kwa mwanawe mpaka mkwe amwite kwa kinywa chake. Na mimi nitaitwaje, wakati nilishajifunga kwa maneno mbele ya msiba mzima? Yamekwisha hayo. Kile chumba chenu cha uani bado mmekipangisha? Nauliza tu.

Mama yako

Kibaha
26 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta habari za maji, sikuona hata tone. Nikampa Naila. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio. Akaniambia, “Mama anatuomba nafasi, wewe unampelekea saruji.”

Nimeona haya, mama. Nilidhani nakutunzia kauli yako, kumbe nakufungia ndani nayo. Chumba cha uani kiko wazi. Naila anakuja mwenyewe Jumamosi, akuite kwa kinywa chake, Idi tule pamoja. Ila niambie ukweli, yale maji?

Mwanao,
Mwishehe

Kisarawe
27 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Salama kaniletea barua jana hiyohiyo, na kesho anarudi huko na hii. Mtu mzima haulizwi hivyo, lakini kwa kuwa ni wewe nakwambia. Tangu baba yako aondoke naogopa kulala peke yangu. Kifua kikibana nasema leo nakufa, na atakayenikuta ni Salama, hata maji ya mwisho sitakuwa na wa kunipa. Kusema nataka kuja kwenu nimeshindwa. Ndipo nikawa namwaga maji sakafuni.

Majirani nimewaambia unyevu umenifukuza, nawe useme hivyohivyo. Huyo Laurean nimemkosea, kaharibiwa jina bure. Mtafutie kazi huko kwenu, umsifie kwa watu.

Mwambie Naila mkwe wangu aje mapema, mzigo nimeshafunga. Na akiingia chumbani asishangae. Kumekauka toka jana.

Mama yako