Lango la Majani Mabichi

Mtaa wa Lumumba,
Bunia, Ituri.
Tarehe 1 Desemba 2024.

Mpendwa Yaya Émilienne, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na nyumba yako yote huko Lubumbashi. Mu hali gani? Lile goti limepona, au bado linakusumbua unapopanda ngazi za kanisa? Na shemeji Josaphat, ameacha kufanya kazi Jumapili kama alivyomwahidi Mama? Niambie ukweli wewe, maana yeye hatuambii.

Sisi hapa ni wazima. Presha ya Mama imeshuka, ukali wake haujashuka. Mvua ilitunyeshea mpaka tukachoka na matope, kisha wiki hii imekatika ghafla, na vumbi limeshaanza kuingia kwenye sahani.

Uliponiuliza kwenye simu kama nitakuja kwenu Krismasi, nilikujibu kwamba sauti inakatika. Yaya, haikuwa inakatika. Sikujua tu nianzie wapi. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na barua hii atakuletea Adèle, mwalimu mwenzangu, anayepanda ndege keshokutwa.

Unalijua lile tamasha la mazingira la watoto wa shule, linalofanyika kila Novemba kwenye uwanja wa chuo kimoja hapa mjini. Watoto huimba, huigiza mchezo juu ya mifuko ya plastiki, hupanda miti, hunywa jus ya matunda na kurudi kwao. Ni jambo zuri kabisa. Wanaoliharibu ni sisi wakubwa. Mwaka huu waliniweka kwenye komite ya maandalizi. Mikutano saba, Yaya! Saba! Sita tuliimaliza kwa viti vya wageni: nani akae mbele, nani akae nyuma, nani apewe kiti chenye kitambaa. Watoto mia nne tuliwajadili dakika kumi, tukakubaliana kwamba watakaa juani.

Sasa nikueleze habari ya Glodie, maana bila yeye hutaelewa kitu.

Ni mwanafunzi wangu wa darasa la sita, ana miaka kumi na miwili. Walikimbia kijiji chao cha Bule, na sasa wanaishi kwenye kambi ya waliohamishwa na vita pembeni mwa mji, yeye na bibi yake, Mama Véronique. Siku ile ya kukimbia, bibi alikuwa amemaliza kula avoka, parachichi la mti wa uani kwake, akaitia mbegu mfukoni bila hata kufikiri. Basi, katika ua ule wote walitoka na mbegu hiyo tu. Kambini hakuna nafasi ya kupanda hata kitunguu. Kwa hiyo kwenye tamasha la miaka miwili iliyopita Glodie alileta mche ulioota kutokana na mbegu ile, akaupanda nyuma ya madarasa ya chuo. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba pale ni salama. Aliufunga kipande cha kitenge cha bibi yake, chekundu chenye ndege wa njano, asije akauchanganya na ya wengine.

Miche ya wengine mingi ilikauka, unatujua. Wake alikuwa anautia maji kila Jumamosi, na kiangazi karibu kila siku, mpaka ukampita kimo. Mwaka huu tukamweka kwenye programu: asimame mbele ya wageni, asimulie mti ulikotoka, kisha awaongoze kwenda kuuona. Bibi naye angeletwa kwa pikipiki kuuona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa miguu yake haimruhusu kutembea mbali. Mwezi mzima mtoto alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake darasani, hata wenzake wakayajua kwa moyo.

Na wewe unajua desturi yetu: mgeni mkubwa hapokelewi bila lango la majani. Ijumaa mchana matawi ya mchikichi yakaisha na lango bado halijafika nusu. Bwana Gustave, mkubwa wa komite yetu, akaanza kunipigia kelele uwanjani, “Madame Musoki, lango iko uchi! Mugeni atasema nini?” Mimi nina programu mkononi, nimechoka, sijala tangu asubuhi. Wala sikuinua macho. Nikawaambia wanafunzi wa chuo, “Mukate majani kule nyuma, iko mingi.”

Wakaenda na mapanga. Baada ya dakika ishirini lango lilikuwa limejaa, la kijani, zuri, kila mtu analisifu. Hata mimi nililisifu, Yaya. Sitaki kukuficha hilo.

Jumamosi mgeni wa heshima alisema atafika saa nne asubuhi, akafika saa saba mchana. Alipita chini ya lango huku watoto wakipiga makofi kwa nguvu kidogo waliyobaki nayo, akasimama papo hapo kwenye mikro ya kipaza sauti, akahutubia dakika hamsini. Somo lake lilikuwa ubaya wa kukata miti! Aliwanyooshea watoto kidole. Majani juu ya kichwa chake yalikuwa yameshaanza kunyauka.

Kisha Glodie akaitwa, akapewa dakika tatu. Alishika mikro, akageuka kuonyesha njia ya kwenda kwenye mti wake kama alivyozoea, na hapo akaliona lango. Kile kitenge chekundu kilikuwa kinaning'inia katikati. Mimi nilidhani amesahau maneno, nikawa namsaidia kwa midomo. Halafu nikatazama alipokuwa anatazama, nikakiona kile kitenge.

Hakulia. Alisema, “Muti yangu njo hii hapa. Mulipita chini yake.”

Mgeni akatabasamu, akapiga makofi. Walipoona hivyo, wakubwa wote wakapiga makofi. Walifikiri ni shairi! Gustave akaninong'oneza, “Huyu mutoto iko na kipaji kabisa.” Nilitamani kumpiga kwa ile programu. Kule nyuma, kwenye nyasi, Mama Véronique alikuwa ameketi na mikono yake mapajani. Yeye hakupiga makofi.

Wageni walipokwenda kula, niliwafuata Glodie na bibi yake. Ningeweza kuwasingizia wale wanafunzi, au Gustave, na Mungu anajua nilifikiri hivyo njia nzima. Nikasema, “Mama, ni mimi njo nilisema wakate.” Bibi aliomba tu apelekwe mahali penyewe. Kilikuwa kimebaki kisiki cha kufika gotini. Akainama polepole, akakwangua gome kwa ukucha, chini yake pakawa kijani.

“Haiyakufa,” akasema. “Lakini itataka maji kila siku, na mvua iko naisha.” Akaniangalia kwa mara ya kwanza. “Mwenye alikatisha njo atakuwa natia maji. Mutoto amechoka.”

Basi tangu siku hiyo, kila jioni nikitoka shuleni, dada yako anapita mjini na bidoni ya maji ya lita kumi kama msichana aliyetumwa na mama yake. Wanafunzi wa chuo wananisalimia kwa kucheka. Gustave ameniuliza ninafanya nini, nilipomweleza akafurahi, akasema tutaliandika kwenye ripoti ya komite kwamba miti inafuatiliwa. Nusura nimmwagie ile bidoni. Na wameshaitisha mkutano wa kutathmini tamasha. Jambo la kwanza kwenye ajenda ni viti.

Glodie huja pia. Habebi chochote. Anakaa juu ya jiwe na kuangalia kama nimemwaga maji yote. Alhamisi nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kile kitenge kiko wapi. Akakitoa mfukoni, kimekunjwa vizuri, akanionyesha na kukirudisha.

“Niko nachunga,” akasema. “Nitafunga siku kutakuwa kitu ya kufunga.”

Kwa hiyo siji, Yaya. Kiangazi kitakwenda mpaka Machi, na siwezi kumpa mtu mwingine bidoni hii. Nikija kwenu wiki mbili tu, kisiki kitakauka, na mtoto yule atakuwa amenyang'anywa ua wa kwao mara ya pili, na mara zote mbili na watu wazima wenye mapanga. Nikasirikie ukitaka. Mimi mwenyewe nimejikasirikia vya kutosha.

Nisalimie shemeji Josaphat na watoto wako, Gaël na Fifi, na umwambie Fifi aniandikie, mkono wa kuume si anao! Mama anawabariki wote, anasema umeze dawa zako. Mungu awape Krismasi ya amani, na sisi huku atupe japo mvua moja iliyokosea njia mwezi wa Januari. Mkifika mwisho wa sala zenu, kama kuna nafasi, wekeni na kisiki.

Wako akupendaye, mwenye mikono iliyochubuka,

Musoki