Koti la Rangi ya Vumbi

Dada Zuhura, shikamoo kutoka kwenye baridi ya Sumbawanga. Upepo wa huku unatia vumbi mpaka kwenye chai.

Leo nimepeleka koti la kaki la marehemu baba kwa fundi cherehani hapa Majengo, maana mfuko ulichanika. Yule mzee akaniuliza kama najua neno kaki limetoka wapi. Nikasema kwa Waingereza. Akacheka. "Nao walilikuta India walipokuwa wakiitawala. Maana yake ni rangi ya vumbi. Waliwavisha askari wao ili wasionekane kwa mbali."

Alipomaliza kulishona nikalivaa, nikatoka nikijiambia kumbe ndiyo maana sionekani. Wiki ya tatu natengeneza mashine za kusaga hapa, na sijasikia mtu akiniita kwa jina.

Njiani nikakutana na mama mmoja, kabeba ungo wa ulezi kichwani. Akautua, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama Wafipa, wenyeji wa huku, wanavyomsalimia mtu kwa heshima. Nikampita. Kisha nikageuka nimwone huyo anayesalimiwa nyuma yangu. Hapakuwa na mtu, Dada. Barabara ilikuwa tupu.

Nikarudi mbio, nikachuchumaa mbele yake, nikapiga makofi ovyo ovyo. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikakutaja wewe kabla ya kuitaja Tanga.

Wapakate watoto kwa niaba yangu. Na jioni ukiwa jikoni, niite jina langu, hata kama sisikii.

Mdogo wako,
Rajabu