Tumbo Tatu za Kuchagua

Siku ya posho (jumamosi), 2 novemba 2002. Butembo

Misa ya bafu leo, ya kuombea batu bamekufa. Ku Évangile nilisimama, magoti ikakataa. Nikakaa, batu bote bamesimama. Mi, Mama Solange wa boulangerie, mi peke yangu nimekaa! Bamama ba chorale baliniangalia, kiisha bakaangalia chini.

Kutoka pale nilienda kwa docteur Malachie. Bascule yake inaishia ku kilo mia na makumi tatu — kishale ikagonga mwisho. Akanituma ku dépôt ya kahawa, pale banapima magunia. Mia moja makumi ine na moja. Mutu wa bascule akasema: mama, hii ni gunia mbili na kitu juu. Akacheka. Na mi nikacheka. Ningefanya nini?

Sukari imepanda tena. Insuline asubui na mangaribi, nayo inataka baridi, na umeme hapa ni wa groupe, mashini ya jirani, siku mazout iko. Malachie hakunificha: kwa régime peke yake hatutafika. Régime! Nimefanya zote. Supu ya majani, ndimu, kufunga kama Carême, nje ya Carême. Ninashuka, ninapanda.

Akasema kuko operesheni, ku Ulaya. Banapunguza tumbo yenyewe. Siku ya ine atanielezea.

Siméon, bwana yangu, bado sijamuambia.

Siku ya ine, 7 novemba

Malachie alinichorea tumbo tatu. Anachora mubaya — moja ilifanana na kibuyu, ingine na soksi.

L'anneau. Banazungusha kitu kama mukaba juu ya tumbo, chakula inapita kidogo kidogo. Banaikaza ao banailegeza na sindano, ku kifuniko kidogo chini ya ngozi. Ukiichoka, banaitoa. Tumbo inabaki yako.

Agrafes. Banashona tumbo na vyuma vidogo, inabaki mufuko mudogo juu. Hakuna kukaza. Lakini vyuma inaweza kuachana na mutu anarudia kunona. Na mukate mulaini unakwama pale pale mulangoni. Mukate! Kwangu mi!

Bypass. Hapa banakata kweli. Tumbo inabaki kama yai, na utumbo banauleta kuuunganisha pale. Chakula inaruka njia. Hii njo inashusha sukari, batu mingi banaacha insuline. Lakini hakuna kurudi. Na vitamini mpaka kufa — bila hii damu inakwisha, miguu inakufa ganzi.

Nikauliza: na kufa ku operesheni? Akasema kuko. Bypass inaua kupita anneau. Siyo mingi, lakini inaua.

Nikamuuliza: weye ungechagua gani? Akasema: mama Solange, mi sina kilo zako. Chagua ile utaweza kuishi nayo hapa Butembo, siyo kule Ulaya, Liège.

Liège! Njo kusema Josaphat, mudogo yangu, infirmier kule, amekwisha kusema na chirurgien, docteur wa kupasua. Bao wawili walipanga maneno yangu, mi sijui. Nilitoka na hasira. Nikaenda kula beignets, nimesimama, nyuma ya four ya mukate, kama mwizi.

Siku ya Mungu, 10 novemba

Nimemuambia Siméon kiisha chakula. Alinawa mikono polepole sana.

— Bakupunguze? Mi nilikulalamikia siku gani?

Siyo weye, nikasema. Ni magoti. Ni sukari.

Akasema: batu batasema nini? Hapa kukonda iko na jina moja tu. Batasema SIDA. Batasema Siméon njo aliileta na camion yake, kutoka Kisangani. Na mukate wako nani atakula?

Iko na haki. Vagheni, ule wa kuuza samaki ku soko, alikonda juu ya TB. Alipona, akanona hata, na batu bado banapita meza yake bila kusimama.

Mwisho akasema: kama ni lazima, basi anneau. Ile inatoka. Vita ikiisha, utaitoa.

Vita ikiisha! Nikamuangalia. Na yeye akasikia vile amesema. Akainuka kwenda kuangalia pneu ya camion.

Siku ya tano, 15 novemba. Beni

Joto. Nimeshuka na mukate ya dépôt yangu ya hapa. Batu ya Mambasa na Mangina bamejaa — ku paroisse, ku nyumba za masomo, chini ya baraza za maduka. Mikeka ku kichwa, sufuria, mbuzi moja moja. Banasema vita inakuja nyuma yao. Nilimuambia Muyisa, gérant wangu, agawe mukate yote, ya jana na ya leo. Ikaisha mbele hajafungua gunia ya mwisho vizuri.

Mwanamuke mumoja akaniita jina. Sikumujua. Akasema: ni mi, Antoinette.

Antoinette wa boulangerie ya Mambasa! Tulikuwa tunanunua unga pamoja ku Kasindi, ku mupaka wa Uganda. Badouanier walikuwa banatuita mapacha, juu ya unene. Sasa kikwembe inamuzunguka mara mbili. Ngozi ya mikono inaning'inia kama shati ya mutu mwingine. Majuma tatu mu pori. Bwana yake alibaki njiani.

Nilimupeleka ku nyumba ya dépôt. Mukate alikula kwa kuvunja vunja, anatafuna mingi, anangoja, anavunja tena. Tumbo ilikuwa inarudisha kama anaharakisha.

Operesheni sikumuambia. Ningesema nini? Kwamba ninavuka bahari kwenda kutafuta njaa?

Siku ya kwanza, 18 novemba. Beni

Nimebaki. Jokébed, binti yangu, iko internat hapa, shule ya kulala, nataka kuwa karibu naye.

Antoinette amejua. Malachie alinipigia phonie, ile redio ya paroisse, juu ya tarehe ya operesheni, na phonie inasikiwa na kila mutu. Haya ilinijaa. Nikamuelezea yote, mukaba, vyuma, kukata. Hakukasirika. Alifikiri mingi. Kiisha:

— Ile mukaba, mukikimbia, nani atailegeza?

Nikaandika swali yake ku karatasi, nimupelekee Malachie.

Siku ya tatu, 20 novemba. Beni

Masasi mu muchana, upande wa soko. Batu bakalia: bameingia! Bote mu barabara, njia ya Butembo. Muyisa alifunga duka. Antoinette alikuwa amekwisha kufunga kikwembe juu na kushika viatu mu mukono — anajua kukimbia, huyu. Jokébed akatokea, anapumua, na uniforme. Mama, twende.

Tulienda. Ku station ya essence magoti ikaisha. Nilikaa chini mu vumbi. Nikamuambia Jokébed: fuata Antoinette. Akakataa. Nikamutukana. Nilimutukana mutoto yangu matusi ya kweli, ile sijasema hata kwa mwizi, ili aende tu. Akakaa chini kando yangu, akashika kiatu yangu. Siyo mukono. Kiatu.

Antoinette alirudi. Yeye njo alisimamisha bwana wawili ba tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba viazi. Alibatupia makaa yao chini bila kuomba ruhusa. Bakanipandisha. Banasukuma, Jokébed anashika mabega yangu nisianguke, batu banatupita. Mumoja alicheka. Hata siku kama ile!

Kiisha kilima ya kwanza habari ikafika: hakuna adui. Basoda walikunywa, bakagombana juu ya mwanamuke, bakapiga mu hewa. Batu bakaanza kurudi, banacheka sasa, banatafuta viatu.

Ku dépôt mulango ulivunjwa. Frigo imeangushwa. Chupa za insuline chini, zimekanyagwa.

Siku ya posho, 23 novemba. Butembo

Siku mbili bila insuline. Mudomo kama kitambaa, macho ukungu, maji sijue nilikunywa ngapi. Siméon alishuka na camion kutuchukua sisi wote, Antoinette naye. Malachie alinipatia insuline ya hôpital, akangoja mpaka nione vizuri. Na mi nikamuuliza swali ya Antoinette, kwa kila operesheni.

Anneau ikikaza, na barabara imefungwa? — Utatapika mpaka nitaingiza sindano ku kile kifuniko. Na mi sijafanya hata mara moja.

Agrafes ikikwama? — Inataka tuyau ya kuangalia ndani. Hapa hakuna. Kampala.

Na bypass? — Ikivuja, mara mingi itavuja kule kule, siku za kwanza. Donc usirudi haraka. Kiisha ni vitamini, na sindano ya B12. Ile hata sœur infirmière wa Musienene anaweza. Na kama siku moja utumbo unajifunga, tumbo mi nafungua kila juma, na masasi ndani.

Vitamini ikikosa? — Miezi kidogo utavumilia, akasema. Mwaka, hapana.

Kiisha akasema kitu, anaosha mikono, hata hakuniangalia: mama, kati ya hizi hakuna hata moja ilifikiriwa kwa batu banakimbia.

Siku ya pili, 26 novemba

Sitaki kuandika. Ninahesabu tu mu kichwa: anneau ni mulango, bypass ni ukuta. Siku ingine ni kinyume.

Mwenye alinioa anataka mulango.

Siku ya pili, 3 desemba

Visa imetoka Kampala. Haraka namna hii, naogopa.

Nilisema na chirurgien ku téléphone ya satellite, Josaphat kando yake. Sauti inaenda, inarudi. Akauliza kazi yangu. Boulangère, nikasema. "Ah," akasema. Akaeleza: kwa bypass, sukari ya maandazi itakufanya utetemeke, jasho, moyo kukimbia. Mukate mulaini, miezi mingi hapana, pengine siku zote mubaya. Akauliza: unaonja kila asubui? Kila asubui, nikajibu, tangu ubinti. Akasema: tafuta mwenye kuonja.

Amekwisha kupatikana. Antoinette iko anafanya kazi kwangu tangu tulirudi. Saa ya kutoa mukate ya kwanza yeye njo anavunja, anasema chumvi, anasema maji. Mashavu yake inarudi. Naona mikono yake mu unga wangu, na mara moja wivu inanishika — wivu, kwa mutu wa namna ile! Aibu.

Chirurgien akauliza: donc, madame, tunafanya ipi? Nikamujibu. Siméon alikuwa nje, anangoja mu camion. Hakusikia.

Siku ya kwanza, 9 desemba. Kasindi

Ninaandika mu cabine ya camion. Tunangoja ku barrière ya mupaka.

Tulitoka Beni na convoi. Jokébed alibaki Butembo na Antoinette, internat imefungwa. Kiisha Bulongo, milima kushoto yote mu mawingu, Siméon akauliza:

— Ulimuambia ipi?

— Bypass.

Aliendesha. Fasi ndefu, hata camion ya mbele hakuipigia honi.

— Ile ya kukata.

— Ile ya kukata.

— Hairudi ile.

— Hairudi.

Tukavuka pont. Akasema: ile siku ya Beni, mi ningekaa chini na weye. Ku vumbi. Kama Jokébed.

Najua, nikasema. Njo sababu. Siku ingine tutakimbia sisi wote, na hakuna kitu ya kulegeza njiani.

Akapangusa kioo, na hakukuwa mvua. Kiisha akauliza kama kule Liège kuna baridi sana, kama koti ya kaka yake itanifaa. Nikasema itanifaa leo. Miezi sita ijayo sijue. Tukacheka kidogo, sisi wawili, mara ya kwanza tangu misa ya bafu.

Hapa, mutu wa immigration alisoma barua ya hôpital mbele ya batu bote. Ya kupunguza tumbo! Akaangalia picha ya passeport, akaniangalia, akaangalia tena picha.

— Mama, ukirudi utakuwa na sura gani? Hapa hatutakujua. Tutasema passeport ni ya mutu mwingine.

Kweli, sikuwa nimefikiri hii.

Siméon akasema: mi njo nitakuja kumupokea. Mi nitamujua.

Mutu yule hakucheka. Alibeba passeport ndani, akafunga mulango wa bureau. Tangu pale hajatoka. Ngambo, upande wa Uganda, bus ya Kampala inapiga honi, batu banapanda. Kuko basoda bapya ku barrière, banasema itafungwa leo, wengine banasema imekwisha kufungwa.

Siméon ameshuka. Anagonga mulango. Anangoja. Anagonga tena. Ninavaa viatu, nishuke kugonga naye.