Daktari wa kwenye benchi

Wafa upo? Nashindwa hata kukaa.

Leo nimempeleka mama kliniki ya presha hapa Chamazi. Kwenye benchi kulikuwa na kaka mmoja, shati limenyooka, begi la ngozi. Nikajua daktari. Nikampa shikamoo, Wafa, mtu wa umri wetu.

Akamsikiliza mama mpaka mwisho. Akaangalia vidonge vyake, akasema hivi vya zamani, mwambieni dokta wa zamu awaandikie hivi. Akatukabidhi boksi la vidonge vipya.

Tulipoingia ndani, dokta wa zamu akaandika hivyohivyo, mashine ya presha hata hakuigusa.

Tunatoka, nesi anamwambia yule kaka, "Watu wa kampuni za dawa mnaweza kuingia sasa."

Kampuni za dawa. Na mie nimempa shikamoo.

Nimemwambia mama asivimeze. Kashameza. Anasema miaka yote ya presha yake, huyo ndiye daktari wa kwanza kumsikiliza.